Waminoa wa Krete: walitajirikaje kwa bahari ilhali kisiwa chao hakikuwa na bati?

Mwalimu_wa_Rau (Moshi)

Wanajukwaa, heshima kwenu.

Ninaandaa mada kwa ajili ya klabu ya historia katika shule moja ya sekondari hapa Moshi, na nimechagua jamii za kale za mabaharia na wafanyabiashara wa upande wa Ugiriki, hasa Waminoa wa kisiwa cha Krete, ambao kuanzia takriban mwaka 1900 KK walijenga majumba makubwa huko Knossos, Phaistos na Malia, na baadaye Zakros. Vijana wetu wanaifahamu vizuri biashara ya mwambao wa Afrika Mashariki, ile ya majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi, lakini wakifika Ugiriki ya kale wanaruka moja kwa moja hadi Athens na wanafalsafa wake, kana kwamba kabla ya hapo hapakuwa na mtu aliyewahi kutweka tanga.

Yapo mambo yanayonitatiza. Krete inasifiwa kwa silaha, mashoka na vyombo vya bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, ilhali kisiwa chenyewe hakina bati na shaba yake ni ya kuokoteza. Waliipata wapi, na waliilipia kwa kitu gani? Halafu Thucydides, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 KK, anaandika kwamba Mfalme Minos ndiye wa kwanza kujulikana kuwa na jeshi la majini, kwamba alivitawala visiwa vya Cyclades na kuwafagia maharamia. Je, machimbo ya wanaakiolojia yanaliunga mkono jambo hilo? Tena bahari yao haina pepo zinazogeuka kwa msimu kama zetu. Meli ilikwendaje na kurudi? Ningependa pia kujua kama ni halali kuwaita watu hao Wagiriki.

Naomba tusiingie kwenye Atlantis, kile kisiwa cha hadithi kinachosemwa kuwa kilizama. Huko nimeshapotezewa muda wa kutosha.

---

Nanga_Nzito (Arusha)

Mwalimu, shikamoo. Nianze na lile jepesi. Waminoa hawakuwa Wagiriki kwa maana ya lugha. Mwandiko wao, uitwao Linea A, haujasomeka hadi leo, lakini mwandiko uliorithi alama zake, Linea B, ulifumbuliwa na Michael Ventris mwaka 1952 na ukaonekana kuwa ni Kigiriki cha kale sana, kilichotumiwa na Wamikene wa Ugiriki bara walioshika hatamu Knossos baada ya mwaka 1450 KK hivi. Kwa upande wa damu hawakuwa mbali: utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba makundi hayo mawili yalitokana kwa sehemu kubwa na wakulima wa kwanza wa Aegean, bahari iliyo kati ya Ugiriki na Uturuki, na magharibi ya Anatolia, yaani Uturuki ya leo, ila Wamikene walikuwa na nyongeza ya asili ya kaskazini. Hata jina "Waminoa" si lao; lilienezwa na Arthur Evans, Mwingereza aliyeanza kuchimba Knossos mwaka 1900, kwa kulichukua kutoka kwa huyo huyo Minos wa hadithi.

Sasa niende kwenye bati, maana ndipo lilipo jibu la mengine yote.

Ubaharia wa eneo lile ni mkongwe kuliko majumba kwa maelfu ya miaka. Katika pango la Franchthi, kusini mwa Ugiriki bara, vimeokotwa vipande vya obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalokatika kwa makali ya kioo, vilivyotoka kisiwa cha Melos zaidi ya miaka elfu kumi iliyopita. Jiwe haliogelei, kuna watu walivuka maji kwenda kulichukua wakati ambapo kilimo kilikuwa bado hakijafika huko. Kwa hiyo wajenzi wa Knossos walirithi njia zinazojulikana. Kilichobadilika katika milenia ya 3 na ya 2 KK ni mzigo. Bronzi nzuri huhitaji takriban sehemu kumi za shaba kwa moja ya bati, na wakati shaba ilipatikana Laurion karibu na Athens na kwa wingi sana Kupro, bati ilitoka mbali, kwa sehemu kutoka Asia ya Kati, ikipita mikono mingi hadi kwenye bandari za Siria. Katika kumbukumbu za jumba la Mari, mji wa mto Frati, kuna kibao cha udongo cha karne ya 18 KK kinachoorodhesha bati iliyogawiwa, na miongoni mwa waliopokea huko Ugarit, bandari ya Siria, yumo mtu wa Kaptara, jina ambalo wataalamu wengi wanakubali kuwa ni Krete, pamoja na mkalimani. Mkalimani, Mwalimu! Hakuna anayemgawia mkalimani fungu lake kama wageni hao wanafika mara moja kwa miaka kumi.

Walilipa kwa nini? Vyombo vya udongo vya mtindo wa Kamares, vyeupe na vyekundu juu ya weusi, vimekutwa Misri na Siria, lakini chungu peke yake hakinunui bati. Mzigo mkubwa lazima ulikuwa wa vitu vinavyooza au kunywewa: vitambaa vya sufu vilivyotiwa rangi, mafuta ya zeituni, mvinyo, manukato, dawa za mitishamba. Katika kaburi la Rekhmire, waziri wa Farao Thutmose III, wamechorwa watu wa Keftiu, jina ambalo Wamisri waliita Krete, wamevaa vikoi vya nakshi, wamebeba vyombo vya madini vya kifahari, na mmojawapo ana kipande kikubwa cha shaba begani. Wamisri waliandika kwamba ni kodi. Kila aliyewahi kusoma maandishi ya Mafarao anajua kwamba kwao mgeni yeyote aliyekuja na mzigo alikuwa analeta kodi.

Kuhusu pepo, wakati wa kiangazi Aegean huvumiwa na upepo wa kaskazini siku baada ya siku, na huo humsukuma mtu kutoka Krete hadi pwani ya Afrika. Katika tungo za Homer, baharia anayejidai Mkrete anasema alifika Misri siku ya tano. Kurudi kwa njia ile ile ni kupigana na upepo usoni, kwa tanga la mraba lisiloweza kukaribia upepo. Basi walizunguka: kutoka Misri wakapanda na pwani ya Kanaani hadi Siria, wakaelekea Kupro, wakashika ukingo wa kusini wa Uturuki ya leo kwa msaada wa mkondo wa maji na pepo za pwani, ndipo wakaingia tena Aegean. Mzunguko ulikwenda kinyume cha mshale wa saa, bandari hadi bandari, na majira ya baridi vyombo vilivutwa ufukweni. Tanga lenyewe linaanza kuonekana kwenye mihuri ya Krete karibu na mwaka 2000 KK. Kabla ya hapo michoro ya Cyclades inaonyesha mitumbwi mirefu ya makafi tu.

Jeshi la Minos nawaachia wengine, maana mkono umechoka.

---

Mchongaji_Sakina (Arusha)

Nashukuru kwa maelezo hayo. Mimi si msomi wa historia, nachonga mpingo hapa Arusha, lakini kuna jambo moja la bahari hiyo ambalo nimelifuatilia kwa miaka mingi kwa sababu linahusu kazi yangu, nalo ni ile meli ya Uluburun.

Mwaka 1982 mzamiaji wa sifongo wa Kituruki aliwaeleza watu kwamba ameona chini ya maji, karibu na mji wa Kaş, "biskuti za chuma zenye masikio". Vilikuwa vipande vya shaba vilivyosubiwa kwa umbo la ngozi ya ng'ombe iliyotandazwa, kila pembe ikiwa imechomoza ili mbebaji apate pa kushika. Wanaakiolojia George Bass na baadaye Cemal Pulak walichimba hapo kuanzia mwaka 1984 hadi 1994, kwa zaidi ya mizamio 22,000, kwenye mteremko wenye kina cha mita arobaini na kuendelea. Meli ilizama karibu na mwaka 1300 KK, yaani zama za Wamikene, baada ya ukuu wa Waminoa kupita. Ilikuwa na urefu wa takriban mita 15, imejengwa kwa mwerezi, na mbao zake zimeunganishwa ubavu kwa ubavu kwa ndimi za mbao ngumu zilizoingizwa kwenye matundu na kuzuiwa kwa vigingi. Seremala yeyote wa mtaa wa Unga Limited hapa Arusha angeielewa kazi hiyo bila kuelezwa.

Ndani yake mlikuwa na takriban tani 10 za shaba, nyingi ikiwa ya Kupro, na karibu tani 1 ya bati. Tazama hesabu hiyo, ni ile ile ya kumi kwa moja aliyoitaja Nanga_Nzito. Mlikuwa pia na mitungi ya Kanaani ipatayo 150, mingi ikiwa na utomvu wa mti, vipande vya kioo cha buluu, kaharabu ya kutoka Baltiki, jino la ndovu na meno ya kiboko, maganda ya mayai ya mbuni, na hirizi ndogo ya dhahabu yenye umbo la mdudu ikiwa na jina la Malkia Nefertiti wa Misri.

Na mlikuwa na magogo meusi. Wamisri waliyaita kwa jina ambalo Wazungu baadaye walilihamishia kwenye miti mingine, lakini uchunguzi wa nyuzi za mbao hizo umethibitisha kuwa ni Dalbergia melanoxylon, na huo ndio mpingo wetu, mti wa taifa letu. Nataka nieleweke vizuri: sisemi magogo hayo yalitoka Tanganyika. Mpingo huota pia Sudani na Ethiopia, na Misri iliupata kutoka kusini kwake, kupitia Nubia na nchi waliyoiita Punt. Hata hivyo mtu anayeufahamu mti huu haoni ajabu kwamba ulisafirishwa mbali hivyo. Ukilipasua gogo unakuta ganda jeupe la njano lisilo na faida, halafu moyo mweusi wenye nyufa na matundu, na kinachobaki baada ya kuondoa kasoro ni kidogo mno. Msumeno unaishiwa meno kabla ya mbao kuisha. Ukiutupa majini unazama. Lakini ukipigwa msasa hauhitaji rangi wala vanishi, na ndiyo maana Mafarao walituma vitanda na viti vya mpingo vilivyonakshiwa dhahabu kwa wafalme wenzao wa Babeli.

Kuna kitu kingine kidogo kwenye meli ile kinachonikaa akilini kuliko dhahabu. Ni kibao cha kuandikia, mbao mbili ndogo zilizounganishwa kwa bawaba ya pembe ya ndovu, zikifunguka na kufungika kama daftari. Uso wa ndani umechimbwa na kukwaruzwa kwa mistari ili nta ishike. Nta imekwisha, kwa hiyo hatujui karani aliandika nini, lakini mikwaruzo ipo, na ukiitazama picha yake unaona kabisa kwamba fundi alikuwa na haraka.

---

Mama_Kiboriloni (Moshi)

Mwalimu, nijibu lile la jeshi la Minos, na nitatofautiana kidogo na wenzangu kwa namna wanavyotumia neno biashara.

Thucydides aliishi takriban miaka elfu moja baada ya enzi anayoisimulia. Aliishi Athens, mji ambao katika maisha yake ulikuwa unatawala visiwa vile vile vya Cyclades, unakusanya fedha zao na kuyawinda maharamia yale yale. Mtu huyo anapomsimulia Minos, anaichora Krete ya kale kwa wino wa Athens ya siku zake. Mwanahistoria Chester Starr aliliandika jambo hilo mwaka 1955, na tangu hapo wasomi wengi wanakubali kwamba ushawishi wa Krete ulikuwa mkubwa, ila utawala wa mabavu wa baharini haujathibitishwa. Evans alitumia ukosefu wa kuta kuzunguka Knossos kama ushahidi kwamba jeshi la majini ndilo lililokuwa ukuta. Siku hizi zimetambuliwa ngome na vituo vya ulinzi sehemu mbalimbali za Krete, kwa hiyo hoja hiyo imelegea.

Ushahidi bora wa ushawishi uko Akrotiri, kisiwani Thera, mji uliofukiwa na majivu ya volkano na kuanza kuchimbwa na Spyridon Marinatos mwaka 1967. Nyumba zina orofa, michoro ya ukutani ya mtindo wa Krete, mizani ya vipimo vya Krete, na vibao vichache vya Linea A. Lakini vyungu vya kupikia na mazoea mengi ya nyumbani ni ya wenyeji. Kwenye nyumba moja kuna mchoro mrefu wa msafara wa meli zilizopambwa, na wapiga makafi wameinama mno nje ya ubavu ili wayafikie maji, kwa kuwa meli ni ndefu kwenda juu kupita makafi yao. Hiyo ni sherehe, watu wanafanya kwa makusudi jambo la kizamani. Chombo cha kazi wakati huo kilikuwa na tanga na makasia. Wakazi walikimbia kabla ya mlipuko mkubwa, maana hakuna miili iliyokutwa majumbani. Na volkano hiyo haikuimaliza Krete kama inavyosemwa mitandaoni: majumba yaliendelea kwa vizazi kadhaa hadi yalipochomwa karibu na mwaka 1450 KK.

Sasa kuhusu biashara. Tusidhani kila tani ya shaba iliuzwa sokoni. Katika barua za Amarna, zilizogunduliwa Misri mwaka 1887, mfalme wa Alashiya, ambayo ni Kupro, anamwandikia Farao akimwita ndugu, anamtumia shaba kama zawadi, anaomba radhi kwamba ni chache kwa kuwa tauni imewaua watu wake, kisha bila aibu anadai alipwe madini ya fedha. Zawadi na bei zilikuwa kwenye mfuko mmoja. Wazee wetu wa Uchagga wangelielewa hilo: misafara ya kutoka Pangani iliyopanda hadi Moshi katika karne ya 19 ilianza kwa Mangi Rindi, na bila kupeleka zawadi kwake hakuna aliyenunua pembe wala chakula. Pale Zakros, mashariki mwa Krete, pembe za ndovu na vipande vya shaba vilikutwa ndani ya jumba lenyewe, na hali hiyo inaonyesha mlango mmoja wa kuingilia mali.

Zingatieni pia kwamba mabamba ya Linea B ya Pylos, jumba la Wamikene huko Ugiriki bara, yanaorodhesha wapiga makasia kwa vijiji vyao, sufu, mafuta ya manukato na wafua bronzi, lakini karibu hayagusi biashara ya nje. Ama ilifanywa na wageni, ama na watu binafsi ambao karani wa jumba hakuwa na haja ya kuwahesabu. Katika meli ya Uluburun wachimbaji walikuta mizani na mawe ya kupimia yapatayo 149, mengi yakifuata kipimo cha mashariki, na nanga 24 za mawe za aina ya pwani ya Kanaani. Wafanyabiashara wale, kwa maoni yangu, walikuwa watu wa mashariki, na Wamikene wawili wanaodhaniwa kuwemo walikuwa wasindikizaji wa mzigo.

---

Mwalimu_wa_Rau (Moshi)

Nimepata zaidi ya nilichoomba, asanteni sana. Hoja ya Mama kuhusu zawadi na bei nitaifanya iwe mjadala wa vijana wenyewe.

Nina swali la nyongeza, kwa kuwa najua litaulizwa: hawa Wagiriki hasa walianza lini kuwa wafanyabiashara wa bahari kwa jina lao, na je, kuna yeyote kati yao aliyewahi kufika kwenye mwambao wetu? Hoja ya mpingo nikiitoa darasani, mikono yote itanyooshwa.

---

Nanga_Nzito (Arusha)

Majumba ya Wamikene yaliporomoka karibu na mwaka 1200 KK na Linea B ikasahauliwa, na kwa karne kadhaa Wagiriki hawakuandika chochote. Bahari yenyewe haikufungwa. Wafoinike wa Tiro na Sidoni waliendelea na njia za zamani na kuzirefusha hadi Gadir (Cadiz ya Hispania ya leo), nje ya mlango wa Mediterania, huku Carthage ikiwa imeanzishwa, kwa mapokeo, mwaka 814 KK. Kwa Wagiriki waliotangulia ni watu wa kisiwa cha Euboea: makaburi ya Lefkandi ya karne ya 10 KK yana bidhaa za Misri na Siria, na kabla ya mwaka 750 KK wamekwisha kutua Pithekoussai, kisiwa kidogo cha Italia, wakifuata madini yale yale. Kutoka kwa Wafoinike walichukua alfabeti, wakaongeza irabu. Baadaye Wafokea wa pwani ya Anatolia waliunda Massalia, Marseille ya leo, karibu na mwaka 600 KK. Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa kale, anasema walisafiri kwa meli za makasia hamsini badala ya zile pana za mizigo, na hiyo inaeleza jinsi bahari ya magharibi ilivyokuwa na ugomvi. Naukratis, kituo chao cha biashara huko Misri, ni wa karne ya 7 KK kuelekea mwisho.

Kuhusu mwambao wetu, kwa Waminoa na Wamikene hakuna ushahidi wowote. Herodotus anasimulia kwamba Farao Neko, karibu na mwaka 600 KK, aliwatuma Wafoinike kuizunguka Afrika kutoka Bahari ya Shamu, wakatumia miaka mitatu, wakitua kupanda nafaka na kuvuna, na waliporudi walidai kuliona jua upande wao wa kulia walipokuwa wakielekea magharibi. Yeye mwenyewe hakuliamini dai hilo, ingawa ndilo jambo ambalo mtu aliyepita kusini mwa ikweta angeliona. Wasomi bado wamegawanyika kuhusu safari nzima.

Mgiriki wa kwanza kutuachia maelezo ya kina ni nahodha au mfanyabiashara asiyejulikana jina, mkazi wa Misri, aliyeandika mwongozo wa Bahari ya Erithrea, jina la kale la Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, katika karne ya 1 BK. Anaitaja Azania, yaani mwambao wetu, na soko lake la mwisho, Rhapta, penye vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba, pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa. Hiyo ni zaidi ya miaka 1,300 baada ya meli ya Uluburun kuzama. Kwa hiyo, Mwalimu, kwenye ramani ya klabu yako mstari wa mpingo uanzie Nubia, ushuke na Mto Nili hadi pwani ya Kanaani na kuelekea Aegean, na Rhapta uichore kwenye ramani ya pili.